Heliamu ya Balangida na utepe unaohesabu chembe

Najua nimepotea sana. Test mbili zilifuatana, halafu ripoti ya maabara juu yake, yaani hata usingizi nilikuwa nakopa. Leo nimepumua kidogo, nikaona niwaandikie jambo ambalo limenikaa kichwani wiki nzima.

Lilianzia kimbwetani. Nilikuwa napiga msuli wa topiki ya vifaa vya kugundua chembe zenye chaji zinazokwenda kasi, hasa vile vinavyotumia superkondakta. Jamaa yangu mmoja anayesoma biashara akachungulia desa langu, akacheka. "We si mtu wa Hanang? Sasa hii kitu na ngano zenu za Basotu wapi na wapi?" Nikamwambia ukweli, kondakta ninayemjua mimi ni yule wa basi la Katesh anayekataa kurudisha chenji. Tukacheka, yakaisha. Ila usiku swali halikunitoka. Nikaanza kuchimba historia ya hii topiki, na nilichokuta ni kwamba hii historia inapita nyumbani kwetu, chini kabisa ya miguu yetu. Haya, twende taratibu.

Kwanza niwaeleze kule kulivyo kwa wasiofika. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, na Katesh ipo chini yake. Ukizunguka upande wa kaskazini unakutana na ziwa Balangida, ziwa la chumvi lililolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kiangazi likikauka linaacha ukoko mweupe na watu wanaenda kuchota chumvi, ya jikoni na ya mifugo. Ukipanda ule ukuta unaingia nyanda za juu za Mbulu, kwa wakulima wa vitunguu swaumu. Ukiendelea magharibi unashuka bonde la Yaeda Chini wanakoishi Wahadzabe, na mbele yake ndo Eyasi, ziwa lingine la chumvi. Mimi nimekua nikijua utajiri wa Balangida ni chumvi. Basi.

Sasa tuondoke nyumbani kidogo. Mwaka 1868, wakati wa kupatwa kwa jua, Mfaransa Jules Janssen aliona mstari wa njano kwenye mwanga wa jua. Mwaka huohuo Mwingereza Norman Lockyer naye akauona, akasema hiki ni kitu ambacho hatujakijua hapa duniani. Kikaitwa heliamu, kutoka neno la Kigiriki la jua. Ilichukua miaka 27 kuipata duniani. Mwaka 1895 William Ramsay kule London aliipata ndani ya jiwe. Na siyo jiwe lolote, lilikuwa jiwe lenye urani. Wakati ule hakuna aliyejua kwa nini gesi nyepesi namna hiyo ijifiche ndani ya jiwe zito namna hiyo.

Jibu lilikuja kwa Ernest Rutherford. Vitu kama urani na radiamu vinatema chembe zilizoitwa alfa, zina chaji chanya na zinakwenda kasi mno. Kwa hesabu za kawaida chembe ya alfa inatoka na kasi ya kama kilometa 15,000 kwa sekunde. Yaani Dar mpaka Katesh kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mwaka 1908, akiwa Manchester, Rutherford pamoja na Thomas Royds waliweka gesi inayotema alfa kwenye kibomba cha kioo chembamba sana, chembamba kiasi kwamba alfa zinapenya ila gesi haipenyi. Nje yake wakaweka kioo kingine. Baada ya siku kadhaa wakapima kilichojikusanya katikati, wakakuta heliamu. Kumbe chembe ya alfa ni kiini cha atomu ya heliamu. Ikichoka kukimbia inachukua elektroni mbili njiani, inatulia, inakuwa gesi. Ndo maana Ramsay aliikuta ndani ya jiwe. Lile jiwe lilikuwa limekaa na alfa zake lenyewe kwa mamilioni ya miaka.

Mwaka huohuo wa 1908 kuna mambo mengine mawili yalitokea, na hapa ndo mimi nilisimama nikafunga desa nikawaza. La kwanza, Rutherford na Hans Geiger walifanikiwa kuhesabu chembe za alfa moja moja kwa kutumia umeme. Ule ndo ukoo wa mashine zote za kuhesabu chembe tulizonazo. La pili, tarehe 10 Julai, kule Leiden Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligeuza heliamu kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza. Alipata kama mililita 60 tu, haijai hata kikombe cha kahawa ya mtaani. Na heliamu yake aliitoa wapi? Kwenye mchanga wa monazaiti, mchanga wenye thoriamu, ambayo nayo inatema alfa. Kwa hiyo kile kimiminika chote kilikuwa ni alfa zilizochoka kukimbia. Sijui kama yeye aliwaza hivyo siku ile, ila mimi nawaza hivyo.

Ile heliamu ikampa baridi ambayo binadamu hakuwahi kuifikia, chini ya kelvini 5, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ya selsiasi. Mwaka 1911 timu yake ilikuwa inapima umeme kwenye zebaki. Ilipofika kama kelvini 4.2 ukinzani ukapotea. Haukupungua taratibu, ulipotea ghafla. Umeme ukawa unapita bure kabisa bila kulipa nauli. Hilo ndo jambo tunaloita usuperkondakta.

Sasa mtu akiwa na waya wa namna hiyo anaweza kufanya ujanja mmoja. Ukiupoza mpaka ukingoni kabisa, pale unapotaka kubadilika kutoka kuwa superkondakta na kurudi kuwa waya wa kawaida, unakuwa mwepesi kushtuka kuliko kitu chochote. Kitu kidogo kikiugusa, ile sehemu inapata joto, ukinzani unarudi, volti inaruka. Baada ya muda mfupi sana inapoa, iko tayari tena. Mwaka 1949 Wamarekani watatu, Andrews, Fowler na Williams, walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo. Walichukua utepe mwembamba wa niobiamu iliyochanganyika na nitrojeni, wakaupiga chembe za alfa, na ule utepe ukatoa mshtuko wa volti alfa inapotua. Kwa mara ya kwanza superkondakta ikahesabu chembe yenye chaji.

Niseme ukweli hapa ili wa fizikia wenzangu wasinirukie. Ule utepe unafanya kazi kwenye kelvini kama 15, baridi ambayo hata haidrojeni ya kimiminika ikipunguzwa mgandamizo inaifikia. Siyo kila superkondakta inadai heliamu. Ila hatua iliyofuata ilidai. Mwaka 1969 G. H. Wood na B. L. White wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitumia tabaka mbili za bati zilizotengwa na ngozi nyembamba ya oksaidi. Bati linageuka superkondakta chini ya kelvini 3.7, na huko haidrojeni imeshakuwa barafu zamani. Alfa ikitua pale inavunja zile jozi za elektroni zinazobeba umeme wa superkondakta, na elektroni zilizoachana zinavuka ile ngozi kama mkondo unaopimika.

Kwa nini wajisumbue hivyo wakati silikoni ipo? Sababu ni hesabu ya kawaida tu. Kwenye silikoni, kumwondoa elektroni mmoja mahali pake chembe inalipa kwa wastani kama elektroni-volti 3.6. Kwenye superkondakta, kuvunja jozi moja inagharimu sehemu ya elfu ya elektroni-volti, au kadirio kama hilo. Kwa hiyo chembe ileile inakupa ishara nyingi zaidi ya mara elfu. Ni kama kupima uzito wa mbegu ya ufuta. Mizani ya gunia haitaiona, mizani ya sonara itaiona. Toka hapo vifaa viliendelea kusinyaa. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Gol'tsman wa Moscow walionyesha kwamba uzi wa superkondakta mwembamba sana unaweza kunasa hata chembe moja ya mwanga. Mwaka 2024 maabara ya Argonne, Marekani, ikaeleza kwamba nyuzi za aina hiyo zimenasa protoni za nguvu ya GeV 120 zilizotoka kwenye mashine ya Fermilab. Hizo zinakwenda karibu kabisa na kasi ya mwanga. Na kule CERN, sumaku za superkondakta za ule mtambo mkubwa wanapogonganisha protoni zinalala ndani ya heliamu ya kelvini 1.9, kama tani 120 hivi.

Hapo ndo nilirudi Balangida.

Chini ya Mbulu, Hanang na mikoa jirani kuna miamba ya kale sana, baadhi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wanajiolojia wanaita kratoni ya Tanzania. Ndani yake kuna urani na thoriamu kidogo kidogo, kama ilivyo kwenye granaiti nyingi. Kila atomu ya urani-238 inayoanza safari ya kugeuka risasi (ile metali, siyo ya bunduki) inatema alfa 8 njiani. Thoriamu inatema 6. Alfa ndani ya mwamba haifiki mbali, inasafiri chini ya unene wa unywele kisha inasimama. Ikisimama, inakuwa heliamu.

Nikafanya hesabu pale kimbwetani, mnaweza kunisahihisha. Chukua tani moja ya mwamba wenye gramu 3 za urani. Gramu moja ya urani-238 inavunjika mara 12,400 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa 3, zidisha kwa 8 za mnyororo mzima, unapata alfa karibu laki tatu kila sekunde kutoka kwenye tani moja. Inaonekana nyingi eeh? Sasa uliza itachukua muda gani kujaza lita moja ya heliamu kwa mwendo huo. Nilipata miaka bilioni 2.6 na ushee. Nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Ukiongeza thoriamu, na ukikumbuka kwamba zamani urani ilikuwa nyingi zaidi, muda unapungua, ila picha ni ileile. Tani nzima ya mwamba, umri wa kratoni, lita chache za gesi. Baluni moja la birthday linameza zaidi ya lita kumi.

Na hiyo gesi haikai wazi. Imefungwa ndani ya madini mpaka kije kitu kiifungue. Kilichoifungua kwetu ni Bonde la Ufa. Joto la chini lilipopanda likaikanda ile miamba ya kale, heliamu ikatoka, ikabebwa na nitrojeni na maji kupitia nyufa mpaka juu, ikatokea kama mapovu kwenye chemchemi. Hii siyo habari mpya kama magazeti yalivyotufanya tuamini. Tayari mwaka 1967 mwanajiolojia T. C. James alichapisha maelezo ya chemchemi za moto za Tanzania, na heliamu kwenye gesi zake ilishajulikana. Dunia haikuwa na haraka nayo, Marekani ilikuwa na ya kutosha.

Haraka ilikuja baadaye. Juni 2016, kwenye mkutano wa wanajiokemia uliofanyika Yokohama, Japani, watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde la Rukwa inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za heliamu. Gesi ya baadhi ya chemchemi za Rukwa ilikuwa na heliamu karibu asilimia 10, wakati kwenye hewa tunayovuta ni sehemu 5 hivi tu katika milioni. Pamoja na Rukwa, maeneo mengine mawili yaliyotajwa na kampuni ile yalikuwa Eyasi na Balangida. Ndiyo, ile Balangida yetu ya chumvi.

Wale watafiti walisema na jambo lingine ambalo mtu wa Hanang anapaswa kulielewa. Volkano inasaidia na inaharibu. Joto lake linaifungua heliamu, lakini ukiwa karibu nayo mno gesi zake, hasa kabonidayoksaidi, zinaichuja mpaka inakuwa haina maana. Unatakiwa uwe katikati, siyo mbali mno, siyo karibu mno. Hanang yenyewe ni volkano. Kwa hiyo swali la Balangida siyo "ipo au haipo" tu, ni kiasi gani kimebaki safi, na kama kuna mwamba mzuri wa juu ulioifunika isitoroke. Hilo haliwezi kujibiwa na mapovu, linajibiwa na kisima. Visima vya mwanzo vilichorongwa Rukwa, kuanzia 2021, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula Magharibi kikaleta heliamu mpaka juu.

Sasa wadau, hapa ndo nafika kwenye kinachonisumbua. Hanang tuna kumbukumbu ya kitu chenye thamani kilichokuja kutafutwa na watu wa mbali. Kuanzia miaka ya 1970, mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada ulianzisha mashamba makubwa Basotu chini ya shirika la NAFCO, mwishowe yakafika saba. Ngano ilipatikana, hilo hakuna anayebisha, na mkate wa mjini ulitokana nayo. Lakini ile ilikuwa ardhi bora ya malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kesi ya mwaka 1981. Mahakama Kuu Arusha ikawapa ushindi, halafu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Ukikaa na wazee kule, hiyo habari bado haijawa historia. Inaongelewa kama ya juzi.

Siyo kwamba nasema heliamu ni ngano. Kisima cha gesi hakimezi ardhi kama trekta. Nasema tu kwamba mara ile watu waliambiwa thamani ya ardhi yao baada ya mipaka kuwekwa. Safari hii tunaweza kujua kabla. Na ngano ukivuna mwaka huu mwakani unapanda tena. Heliamu hupandi. Ikitoroka hewani inapanda juu mpaka inaikimbia dunia yenyewe, na mwamba utakupa lita nyingine baada ya miaka bilioni. Kwa hiyo mtu anayesaini karatasi ya gesi kama hiyo anasaini kwa niaba ya watu wengi sana ambao hawajazaliwa. Ni vizuri awepo mtu wa Mbulu au wa Hanang anayejua alfa ni nini mezani pale.

Nilipokwenda likizo nilijaribu kumweleza mjomba wangu. Nilimwamkia, tukakaa nje, nikamwambia mjomba chini ya lile ziwa kuna mawe yanayotema vitu vidogo vyenye kasi ya ajabu usiku na mchana tangu kabla ya mlima kuwepo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na nyie huko chuoni mna chombo cha kuvihesabu?" Nikasema vipo duniani, vinahitaji baridi kali sana, na ile baridi inatoka kwenye hivyohivyo vitu vikishapumzika. Akanyamaza kidogo. "Basi jifunzeni kuvihesabu wenyewe," akasema, "maana chumvi tulikuwa tunapimiwa na mnunuzi."

Jamaa yangu wa biashara nimeshamjibu, nimemwambia asome hapa. Utepe wa 1949 ulihesabu alfa ambayo ilikuwa bado inakimbia. Balangida tumekalia ghala la zile zilizosimama. Ni kitu kimoja, na aliyezaliwa juu yake hana sababu ya kuona kwamba fizikia ni ya watu wengine.

Haya wadau, kesho asubuhi nina lab, na desa la takwimu bado sijaligusa. Tuombeane. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda.